Vitanda Sita Nyuma ya Kufuli

Siku ya kwanza kazini nilipewa ungo, nikadhani nimeajiriwa kupepeta mchele.

Nilikuwa nimetoka Ibadakuli kwa miguu tangu alfajiri, viatu mkononi visije vikachakaa bure, nikavivaa nilipoifikia kona ya sokoni mjini Shinyanga. Uhuru ulikuwa bado mchanga. Ofisi ya Jumuiya ya akina mama ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vitenge: meza moja, mabenchi mawili, na Katibu wetu, Bi Zuhura binti Salehe. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye ushungi mweupe na sauti ya mtu anayepiga bei. Babu yake alikuja na misafara kutoka pwani akaoa Mnyamwezi, na yeye alizaliwa pale pale mjini, wala hakuona sababu ya kuishi kwingine.

Nilipiga magoti kama nilivyofunzwa nyumbani. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unaitwa nani?"

"Minza binti Luhende."

"Umesoma?"

"Darasa la pili. Nikatolewa kuchunga ndama."

"Alikutoa nani?"

"Baba."

"Baba yako humsikiliza nani?"

Nilifikiri. "Shangazi yake, Bibi Kundi."

"Na huyo Bibi Kundi, katika nyumba ile nzima, alikuwa akimpenda nani?"

"Mimi."

"Ulimwendea?"

"Hapana."

"Basi hukutolewa shule na baba yako," akasema Bi Zuhura. "Umetolewa na kutokujua njia. Chukua huo ungo."

Nilichukia. Nilikuja kutafuta kazi, si kufundishwa habari za nyumbani kwetu. Na mpaka leo, bibi mzima mwenye wajukuu, sikubaliani naye kwa hilo: aliyenitoa shule ni baba, na kosa lake halihami kwenda kwangu. Lakini ungo niliuchukua.

Nyinyi vijana mnaofanya kazi hii leo mnaiita mpango mkakati wa kampeni ya utetezi. Mna karatasi pana na kalamu za rangi. Sisi tulisema tunapanga ungo, na kazi ilikuwa ile ile. Jumuiya haikuuza kitu wala haikugawa kitu. Kazi yake ilikuwa kumfanya mwenye mamlaka atende jambo ambalo asingelitenda angeachwa peke yake. Sasa jambo la namna hiyo haliendi kwa hasira tu. Hasira ni kuni. Mtu hali kuni.

Katikati ya ungo tuliweka jiwe. Jiwe ni mtu mwenye "ndiyo", yule ambaye akikubali jambo limekwisha. Mtama mweupe ni watu walio nasi. Mtama mwekundu ni wanaotupinga. Makapi ni wale wasio huku wala kule. Unapanga punje kulizunguka jiwe: nani yuko karibu naye, nani humnong'oneza, nani anakula naye. Bi Zuhura alikuwa na sheria zake na alizisema akigonga meza. Ya kwanza: jiwe ni moja tu, ukiweka mawili, la huku litakurushia kwa la kule, nawe utakuwa mpira. Ya pili: usimalizie pumzi kwenye makapi, upepo ukigeuka yatakuja yenyewe. Ya tatu: kauli ya kampeni iwe fupi kiasi kwamba mwanamke aliyebeba ndoo ya maji kichwani anaweza kuisema bila kusimama. Ya nne: mpango usio na siku ya mwisho ni hadithi ya kulalia.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Samuye. Ng'ombe walikuwa wakinywa katika kisima kile kile cha watu, na watoto wakiharisha. Nilikaa miezi mitatu nikiwahubiria makapi, nyumba kwa nyumba, wakinipa maziwa na kuniita mayu, yaani mama, "Ni kweli, mayu, ni kweli," na kesho yake ng'ombe wamo majini. Bi Zuhura alikuja juu ya lori la pamba, akaniuliza mbele ya watu, "Minza, unapepeta au unasalisha?" Nikarudi kwenye ungo. Jiwe lilikuwa mzee mmoja, Ndaki, aliyekuwa mwanangwa, yaani kiongozi wa kijiji wa enzi za watemi. Utemi ulikuwa umefutwa, na sisi katika ofisi yetu tulikuwa tumemfuta pamoja nao. Lakini kijiji hakikuwa kimemfuta. Tulipomwendea yeye, boma la minyaa lilizungushwa kisimani kabla ya palizi. Kutoka hapo nikapelekwa Kahama, pale Nyasubi, ambako nilijifunza jambo moja tu lakini kubwa: usiitishe mkutano wa wanawake siku ya mnada, hata kama unagawa dhahabu.

Nasema dhahabu kwa sababu ndiko nilikopelekwa baadaye.

Upande wa Geita kulikuwa na mgodi uliokuwa umefungwa. Wenyewe walikwenda zao, mitambo ikakaa kimya, lakini watu walibaki katika zile nyumba za bati tulizoziita Kambini. Wanaume waliendelea kuchimbachimba kwenye maduara, yaani mashimo yao madogo milimani, wanawake wakaponda mawe na kulima mihogo. Walikuwapo Wasukuma, Wazinza, Wasumbwa, na wengine waliokuja na mgodi kutoka mbali wakasahau kurudi.

Nilifikia kwa mwanamke anayeitwa Kabula, mke wa mchimbaji Petro. Alikuwa mrefu, mcheshi, na mjamzito wa miezi minne. Siku ya pili akanipeleka kwenye jengo la zahanati ya mgodi. Upande mmoja ulikuwa wazi: chumba cha kufungia vidonda, na mkunga mmoja, Yulita, aliyekuwa ameajiriwa na mgodi na sasa alibaki hapo kwa sababu wanawake hawakuacha kuzaa eti kwa kuwa mgodi umefungwa. Upande wa pili mlango ulikuwa na kufuli la ukubwa wa ngumi.

"Chungulia," akaniambia Kabula.

Nikaweka uso kwenye dirisha. Niliona vitanda sita vya chuma, vimepangwa vizuri, magodoro yamekunjwa. Ukutani kulikuwa na kabati la vioo, na vyombo vya kuzalishia vimo ndani, vimefunikwa na vumbi.

"Kile cha dirishani," akasema Kabula, "kingekuwa changu mwaka juzi. Yulita alijaribu kunizalisha nyumbani kwangu, chini, kwa koroboi na mikono mitupu. Alipoona mtoto amekwama akasema nikimbizwe hospitali. Petro akanifunga kwenye baiskeli. Tulifika na mtoto aliyekwisha kufa."

Hakulia. Aligonga kioo kwa kidole mara moja, kama mtu anayebisha hodi, tukaondoka.

Mkunga alikuwapo, vitanda vilikuwapo, vyombo vilikuwapo, na kufuli katikati. Sababu yake? Mali ya mgodi inasubiri kukabidhiwa. Kukabidhiwa kwa nani, lini, hakuna aliyejua. Nikampelekea barua Bi Zuhura, iliyoandikwa na Yulita maana mwandiko wangu wakati ule ulikuwa bado unatambaa, kwamba nimepata kampeni. Kauli: vitanda sita, kufuli moja. Siku ya mwisho: tumbo la Kabula.

Nikafanya kosa la mwanzoni kabisa, na nilikuwa nimekwisha kuonywa. Niliweka mawe mawili. Tulikwenda kwa daktari mkubwa mjini, akasema ufunguo anao Msimamizi wa mali. Tulikwenda kwa Msimamizi, akasema daktari alete barua. Daktari akasema hawezi kuandika barua ya chumba kisicho chake. Msimamizi akasema bila barua yeye hana la kufanya. Mara nne tulikwenda na kurudi. Tumbo la Kabula likapita miezi sita.

Jioni moja nikamwaga ungo wote chini, nikawaambia akina mama waliokuwapo, "Semeni neno moja. Ufunguo uko kiunoni mwa nani?"

"Kwa Bwana Masalu," wakasema.

Huyo ndiye Msimamizi. Mwanaume wa makamo, Msukuma, suruali imenyooshwa, funguo zote za mgodi zimening'inia kwenye mkanda wake mpaka ulimsikia kabla hujamwona. Nikaokota jiwe moja, nikaliweka katikati.

Basi tukapanga. Wanawake kumi na tisa. Kabula ndiye msemaji, kwa sababu ni yake. Alikariri maneno yake akiteka maji, akitwanga, akifua. Tulichagua asubuhi ya siku ambayo hana safari. Tukafika barazani kwake tumejifunga khanga safi. Bwana Masalu akatoka, funguo zikilia.

Na sisi sote kumi na tisa, kwa pamoja, kama mtu aliyekata kamba, tukapiga magoti. "Shikamoo!"

"Marahaba, mama zangu, marahaba," akasema kwa upole mkubwa. "Habari za Kambini? Nzuri? Vizuri sana. Nimefurahi mmekuja kunisalimu. Haya, inukeni, nendeni mkapumzike. Jua kali."

Tukainuka. Tukasema asante. Tukaondoka.

Tulikuwa tumefika kwenye mti wa pili wa njia ya kurudi, ndipo Kabula akasimama ghafla. "Jamani," akasema, "nilisema nini pale?"

Hakuwa amesema kitu. Kwetu mtu akikuambia inuka, salamu imekwisha na ruhusa umepewa. Mwili wenyewe unaondoka. Miezi ya kupanga tulikuwa tumeibadilisha kwa marahaba moja. Mama mmoja akaanza kucheka, tukacheka wote mpaka tukakaa chini vumbini. Kisha nikaona Kabula hacheki. Ameshika tumbo kwa mikono miwili, anaangalia paa la zahanati kule tulikotoka.

Bi Zuhura alipopata habari alikuja mwenyewe. "Mmepeleka ng'ombe mnadani mkarudi na kamba!" alifoka kabla hajaketi. "Sikilizeni. Zamu ijayo hakuna magoti. Mnasimama, mnamwangalia usoni, mnasema. Huyo ni mtumishi, si mtemi."

Wanawake wakatazamana. Kulikuwa na Bibi Nyanzobe, Mzinza, mkubwa kuliko sote, meno yake matatu na macho ya mwewe. Akasema, "Nikimsalimu mtu nimesimama, atasema nimelewa. Na nikisema jambo mtu anafikiri nimelewa, nimesema nini?"

"Bibi, hiyo mila ndiyo iliyowafukuza barazani!"

"Mila haikutufukuza. Tuliitumia vibaya."

Bi Zuhura alinigeukia. Yeye ndiye aliyeniajiri, ndiye aliyenifundisha, na alitegemea nitasema ndiyo, mama. Nikasema, "Mama Katibu, mimi naona Bibi Nyanzobe anajua njia."

"Minza, nakuagiza."

"Nimesikia, mama. Na sitafanya."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumkatalia mkubwa wangu. Lakini neno langu sikulirudisha. Bi Zuhura akavuta kigoda, akaketi. "Haya. Leteni ungo. Nionyesheni hiyo akili yenu."

Tukapanga punje kulizunguka lile jiwe. Nani yuko karibu na Masalu? Hadija, ambaye mumewe alikuwa dereva wa Bwana Masalu, akasema, "Mume wangu anasema bwana yule huogopa mambo mawili tu duniani: ukaguzi na laana."

"Ukaguzi hatuna," akasema Kabula.

"Laana tunayo," akasema Bibi Nyanzobe.

Nawaeleza nyinyi msiokulia kwetu. Msichana kumpigia magoti mkubwa ni heshima ya kila siku. Lakini mwanamke wa umri wa mama yako akikupigia wewe magoti, hilo si jepesi. Mwanaume aliyelelewa vizuri humkimbilia na kumwinua haraka. Na magoti bila salamu ni mlango uliofunguliwa nusu: huwezi kumwambia mtu ainuke kabla hajakusalimu, wala huwezi kumpita ukaenda zako kama unapita gogo. Siku ile ya kwanza wazee tuliwaweka nyuma wapumzike, na salamu tukaitoa mapema, wote tukikiamkia cheo chake. Sasa tungegeuza yote mawili.

"Na wewe Kabula ubaki nyumbani," nikasema. Miezi minane ilikuwa imetimia.

"Siku niliyofungwa kwenye baiskeli hakuna aliyeniambia nibaki nyumbani," akanijibu.

Tulirudi siku tatu baadaye, wale wale kumi na tisa. Yulita mkunga hakuja barazani. Tulimweka mlangoni mwa ile wodi yenye kufuli, hatua chache kutoka baraza lile, na ndoo mbili za maji, sabuni na matambara, kwa sababu mpango mzuri huandaa pia kazi ya kesho yake. Bi Zuhura alisimama mbali, chini ya ukuta wa stoo, mikono nyuma.

Vikongwe sita walikuwa mstari wa mbele. Tukapiga magoti. Kimya.

Bwana Masalu akatoka. Alipowaona wale sita alinyoosha mikono. "Ah, mama zangu, inukeni, inukeni!"

Hakuna aliyeinuka.

"Marahaba!" akasema.

"Marahaba ya nini?" akauliza Bibi Nyanzobe. "Nani kakusalimu?"

Nyuma mtu akaguna kwa kicheko. Bwana Masalu akatazama huku na huku. "Basi nisalimuni."

"Tutakusalimu, mwanangu, usiwe na haraka. Salamu yetu tumeisahau ndani ya chumba kile chenye kufuli. Tufungulie tuifuate."

"Bibi, hilo jambo lina taratibu zake. Barua ya daktari..."

"Sisi hatujui kusoma barua. Tunajua kupiga magoti."

Akaingia ndani. Akakaa. Jua likapanda. Changarawe ya baraza lile naikumbuka mpaka leo, kila punje yake. Iliingia kwenye ngozi kama miiba ya samaki. Akatoka tena, amevaa kofia, akaelekea kwenye gari lake. Lakini gari lilikuwa ng'ambo yetu, na njia yote ilikuwa magoti ya wanawake. Dereva, mume wa Hadija, alikuwa ameketi kwenye usukani akiangalia mbele kama mtu anayepigwa picha.

"Nitaita polisi!"

"Waite," nikasema mimi. "Nao wana mama."

"Wewe ndiye kiongozi? Jina lako nani?"

"Minza binti Luhende, mama yangu Holo, wa Ibadakuli. Andika."

Hakuandika. Macho yake yalikuwa yamekwama kwenye mstari wa tatu. Kabula alikuwa amepiga magoti, mkono mmoja chini kwenye changarawe, mwingine umebeba tumbo, jasho linamtiririka mpaka kidevuni. Yale maneno yote aliyoyakariri kisimani hakuyatumia.

Bibi Nyanzobe akasema, polepole, kama mtu anayeongea na mjukuu. "Mwanangu Masalu. Mimi nina umri wa mama yako. Magoti haya yamekwisha kuzika watu. Nikikupigia, halafu nikaondoka bila kuitikiwa, sijui nyumba yako itasemaje. Sikulaani. Nasema tu sijui."

Ndipo mkono wake ukaenda kwenye mkanda.

Alitembea mbele, funguo zikilia, sisi tumebaki magotini tukimtazama mgongo. Alijaribu ufunguo wa kwanza, wa pili. Wa tatu ukazunguka. Mlango ulikuwa umevimba, akausukuma kwa bega; popo wawili wakatoka. Yulita hakungoja ruhusa. Alimpita na ndoo zake, tukasikia maji yanamwagika sakafuni.

Bwana Masalu akageuka. Na pale ndipo tuliposema, wote kumi na tisa, "Shikamoo!"

Alijibu kwa sauti ya chini sana. "Marahaba." Kisha, "Inukeni."

Tukainuka. Vikongwe tuliwanyanyua kwa makwapa. Bi Zuhura alikuja, akainama, akanipangusa changarawe magotini kwa pembe ya ushungi wake, hakusema neno, na kwa mtu kama yule hiyo ilikuwa hotuba.

Kabula alijifungua wiki tatu baadaye, kwenye kile kitanda cha dirishani. Kitovu kilikuwa kimemzunguka mtoto shingoni, na Yulita alisema mara nyingi baadaye kwamba bila vyombo vya kabati lile na mwanga wa dirisha lile asingefanya kitu. Mtoto alilia. Petro akamwita Lufungulo, maana yake kwa Kisukuma ni ufunguo. Lufungulo huyo ana wajukuu sasa.

Ningemalizia hapo ningekuwa nawadanganya, kwa sababu kampeni haiishi siku ya kushinda. Miezi miwili baadaye nikaitwa Shinyanga. Malalamiko ya Bwana Masalu yalikuwa yamepanda ngazi mpaka kwa Mwenyekiti wa kamati yetu, mzee mpole aliyependa mambo yatulie. Juu ya meza kulikuwa na barua ya kuomba radhi, imekwisha kupigwa chapa. Ilisema kwamba mimi, Minza Luhende, nilichochea kundi la wanawake wasiojulikana kumzuia mtumishi kufanya kazi, na kwamba najuta. Chini kulikuwa na nafasi ya dole gumba.

"Ni jambo la utaratibu tu," akasema Mwenyekiti. "Ukiweka dole, mwezi ujao unakuwa Mratibu wa eneo zima. Ukikataa, mikono yangu imefungwa."

Bi Zuhura alinivuta pembeni. "Weka, Minza. Unaweka dole, huweki moyo. Jengo liko wazi, wameshindwa. Waachie karatasi."

"Mama, hapa pameandikwa wasiojulikana."

"Ndiyo, na nani atajali?"

"Mimi nawajua."

Nikawataja mbele ya Mwenyekiti, na nawataja hapa. Mstari wa mbele: Nyanzobe, Kulwa mjane wa Mabula, Mbuke, Bugumba, Tabu binti Juma, na Sofia mama wa katekista. Mstari wa pili: Lea, Nyamizi, Kashindye, Pili, Tereza, Ng'washi, na Mwajuma muuza vitumbua. Mstari wa tatu: Kabula, Milembe, Hadija, Suzana, Limi, na mimi. Mlangoni, Yulita na ndoo zake. Mwenyekiti alinisikiliza mpaka mwisho, akafunika kalamu yake.

Sikuwa Mratibu mwezi uliofuata, wala mwaka uliofuata. Nilibaki Msaidizi kwa miaka yote iliyosalia. Niliwafundisha kupanga ungo vijana wanne ambao baadaye walikuwa wakubwa wangu, nao wakaniagiza chai, nikapika, kwa sababu chai si aibu. Tulipigania mengine: wanawake wajane kupewa viwanja watu walipohamishiwa vijijini, mashine ya kusaga isimame mahali ambapo mjamzito anaweza kufika. Mengine tulishinda, mengine tulishindwa, na kila mara tuliketi tukajiuliza tumepata nini na tumemwaga nini. Hiyo mnaiita tathmini. Msiiruke hata mkishinda. Hasa mkishinda.

Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha kitambo na sabuni ilikuwa imeanza kuonekana tena madukani nilipostaafu. Bi Zuhura alikuwa mzee sana, anaongozwa na fimbo, lakini alikuja. Akatoa bahasha kwenye mkoba. Ilikuwa ile barua. Alikuwa ameificha miaka yote, ili asitokee mtu wa kuweka dole lake mahali pa langu.

"Bado?" akaniuliza.

"Bado, mama."

"Mbishi wewe," akasema. "Ningekuwa na watano kama wewe." Akafikiri. "Hapana. Watano wangeniua."

Mwaka jana vijana wa shirika moja walinialika niwatazame wakipanga kampeni yao. Wana mashine inayoangaza picha ukutani. Walikuwa na orodha ndefu ya wadau, imejaa vyeo: mkurugenzi, mwakilishi, afisa. Nikawauliza, huyu mkurugenzi mama yake anaitwa nani? Wakacheka, wakidhani bibi anatania. Sikuwa natania. Binti mmoja, mwenye miwani, akaniuliza kwa adabu kama sioni kwamba yale magoti yalikuwa unyonge, na kwamba siku hizi wanawake wanapaswa kusimama. Nikamwambia simama, mwanangu, simama sana, kama mtu unayemwendea anatikiswa na kusimama kwako. Sisi tulimtafuta mtu wetu tukamkuta anatikiswa na magoti. Usichague silaha kwa uzuri wake.

Daktari wa zahanati ya hapa Ibadakuli amenikataza kupiga magoti tena, hata kanisani. Anasema mifupa imesagika, na anauliza nilifanya kazi gani. Nikamwambia nilikuwa nasalimu watu.

Ile barua ninayo sandukuni, chini ya khanga zangu. Karatasi imekuwa ya manjano, lakini nafasi ya chini iko vile vile, safi, inangoja. Magoti yangu yamekwisha. Dole gumba bado jipya.